Mpaka Huwekwa Kabla ya Mchezo



Kwetu kusini mwa Maniema bahati ina milango mingi. Huko Kasongo vijana hukaa chini ya mwembe na karata zao, na wengine hubashiri kwa simu matokeo ya mpira wa Ulaya, kwa franka ambazo asubuhi zilikuwa za kununua unga. Huko Kabambare, upande wa Namoya na Salamabila, watu hawasemi kwamba wanacheza. Wanasema wanafanya kazi ya dhahabu. Walakini mtu anayewalisha wachimbaji miezi mitatu, akingoja shimo lifike kwenye mshipa, naye ameweka dau. Hata mkulima anayepanda mpunga kwa kutegemea mvua ameweka dau. Hatuwezi kuishi pasipo kuhatarisha kitu. Yatupasa basi kujiuliza tunahatarisha nini, kwa kiasi gani, na uamuzi huo tuliukata saa ngapi.

Majirani zetu Waislamu, ambao ni wengi Kasongo, wana jibu fupi: Kurani imeikataza kamari. Sisi tumepewa fundisho la namna nyingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, yasema kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa asili yake. Hugeuka kuwa uovu pale inapomnyima mtu yaliyo ya lazima kwa mahitaji yake na ya wengine. Yatuonya pia kwamba uchu wa kamari waweza kumfanya mtu kuwa mtumwa. Wapo wanaolisikia fundisho hilo kama ruhusa. Sisi twalisikia kama wajibu mzito. Aliyekatazwa kabisa anaujua mpaka wake hata akiwa amechoka au amekasirika. Aliyeachiwa kupima lazima auchore mpaka yeye mwenyewe, tena auchore mapema, kwa maana mchezo ukishapamba moto mkono hutetemeka.

Na mpaka huo uwe rahisi. Tuchukue hesabu ndogo. Kijana anaandika timu kumi katika tikiti moja, na kila timu ina nafasi 70 katika 100 ya kushinda. Anajiona salama, kwa kuwa hakuchagua timu dhaifu hata moja. Lakini ili alipwe, zote kumi lazima zishinde, na nafasi ya kutokea jambo hilo haifiki 3 katika 100. Wingi wa majina mazuri umemficha hatari. Mipango yetu ya nyumbani mara nyingi hufanana na tikiti hiyo: ikiwa mvua haitachelewa, ikiwa lori litapita, ikiwa daraja litakuwa zima, ikiwa bei ya Kindu haitashuka, ikiwa mdeni atalipa. Kila "ikiwa" peke yake yaonekana nyepesi. Zikiunganishwa zinamwangusha mtu. Kurahisisha uamuzi ni kupunguza "ikiwa" hizo mpaka tuweze kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Jambo hili lilitufikia sisi wenyewe. Kikundi chetu kilikuwa na akiba kutokana na mauzo ya mpunga na karanga, iliyotengwa kwa ajili ya wagonjwa na malipo ya shule ya yatima. Mtu mmoja tunayemheshimu, mwenye shimo la dhahabu upande wa Kabambare, alituomba tumkopeshe fedha hiyo kwa chakula cha wachimbaji na mafuta ya pampu, akaahidi kutupa sehemu ya mapato. Hakuwa mdanganyifu, aliliamini shimo lake. Baadhi yetu walitaka tukubali jioni ile ile.

Lakini tulikuwa na kanuni tatu, zilizoandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari la hazina tangu siku tulipoanza. Fedha iliyokwisha kutengwa kwa ajili ya mtu haiwekwi dau. Hakuna uamuzi wa fedha unaokatwa siku ile ombi linapoletwa. Na jambo ambalo mweka hazina hawezi kumweleza bibi asiyejua kusoma, kwa maneno machache, haliamuliwi. Tulisali, tukarudi nyumbani, tukakutana tena baada ya juma moja. Kanuni ya kwanza ilitosha. Tulimjibu kwa heshima kwamba haiwezekani. Na kila mwanachama aliachwa huru kutoa kilicho chake.

Miezi michache baadaye shimo lile lilitoa dhahabu. Manung'uniko yakaanza, nayo hayakuwa ya bure: muhula ule tuliwalipia watoto wanne, na waliohitaji walikuwa saba. Mama mmoja alituuliza kama kanuni zetu zinaweza kuvaliwa kama sare ya shule. Swali lake lilituuma. Hata hivyo tulimjibu kwamba uamuzi haupimwi kwa namna dadu ilivyoanguka. Siku tulipoamua, hakuna aliyejua kilichokuwa chini ya udongo, hata mwenye shimo. Mashimo mengine ya jirani yalijaa maji, na waliokuwa wameyalisha walikuwa na matumaini yale yale. Kama tungekubali na kupata, tungejifunza kwamba ukurasa wa kwanza wa daftari hauna maana, na mara ya pili tungeweka zaidi. Kwa watoto watatu waliobaki tulitafuta njia nyingine: tulichanga, kila mtu kutoka mfukoni mwake, mpaka wakarudi darasani.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyochapishwa Roma mwaka 1548, anashauri kwamba mtu aliye katika giza la moyo asibadilishe azimio alilolifanya akiwa na amani. Mchezaji aliyepoteza, anayetaka kurudisha vyote kwa dau moja kubwa, yumo katika giza hilo. Nasi twaona kwamba aliyelewa ushindi naye haoni vizuri zaidi.

Huenda mtu akauliza: je, Mitume hawakupiga kura ili kumpata Mathia? Walipiga. Lakini tuutazame utaratibu wao katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Kwanza Petro aliweka sharti: awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohane hadi siku Bwana alipochukuliwa juu. Wakapatikana wawili waliofaa, Yosefu Barsaba na Mathia. Wakasali. Ndipo wakapiga kura. Walichoweza kukipima kwa akili walikipima kwanza. Chini ya msalaba, askari nao walipiga kura. Wao waliigombea kanzu ya mtu mwingine, naye angali hai.

Twawaomba, ndugu na dada, juma hili kila nyumba itafute daftari lake. Baba na mama wakae pamoja, wakati hakuna anayewadai wala anayewaahidi kitu, waandike fedha ipi haitaguswa kamwe kwa ajili ya bahati. Mistari mitatu inatosha. Kisha wawasomee watoto kwa sauti, ili siku ya kishawishi awepo nyumbani mtu wa kuwakumbusha.