Hamira Inataka Kazi ya Mbarika

Wasee wa Kakuma, yale mafuta ya mbarika unapaka kwa nywele? Karibu asilimia 90 yake ni asidi moja adimu, asidi ya risinoleiki. Viwanda vinaitafuta kwa sabuni, vilainishi vya mashine, hadi plastiki. Na mmea wenyewe asili yake ni pande hizi zetu.

Sasa sikia. Kuna hamira, si ile ya mandazi, inaitwa Yarrowia lipolytica. Hiyo hujiwekea mafuta ndani ya seli. Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa walieleza walivyoipa jeni ya kuvu, wakaizuia isichome mafuta yake, ikatengeneza risinoleiki. Bila shamba, na bila risini, ile sumu ya mbegu.

Mimi niliacha chuo, lakini hii haihitaji digrii: siku tangi litakuwa rahisi kuliko shamba, mkulima wa mbarika ndiye ataumia kwanza. Siogopi hamira. Naogopa tubaki wa kupaka tu. Tangi linataka sukari, maji, stima na mtu anayejua biolojia. Maji na stima hapa tunajua ni shida. Lakini huyo mtu anaweza kuwa wewe wa kidato cha tatu. Biolojia usiiache.