Kijiti kwa Sauti Tatu

Ziko nyimbo za taarabu zinazosikilizwa kwa utamu wake tu, na uko wimbo wa Kijiti. Siti binti Saad aliuimba kutokana na jambo lililotokea kweli Unguja. Mwanamke mja mzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, alitoka usiku kwenda ngomani pamoja na watu aliowaamini. Huko akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Muuaji akavuka maji, akakimbilia bara. Waliobaki kubeba adhabu mbele ya mahakama ya wakoloni ni wanawake waliofuatana na marehemu. Siti akaitia hukumu hiyo kwenye mahadhi, na majina ya watu akayataja.

Kwetu Ng'ambo, mjini Unguja, nilikijua kisa kabla ya kuujua wimbo. Bibi yangu alikisimulia kwa hasira mbichi, na wale wanawake waliofungwa aliwataja kama majirani zake wa jana. Alipouimba aliuimba huku akipepeta mchele, bila ala yoyote, beti akizipanga atakavyo. Akifika kwenye hukumu alirudia mara mbili, mara tatu, hata ungo ukasimama mikononi. Huo ndio Kijiti wangu wa kwanza. Nalisema hili kwa sababu watu wengi wakizungumzia wimbo wa asili huwa wana maana ya santuri, ilhali masikioni mwangu santuri ilikuja baadaye, nayo ilikwishapunguzwa.

Ilipunguzwa na mashine. Machi 1928 Siti na wenzake walifika Bombay kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, wakawa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki kutia Kiswahili kwenye santuri. Upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua dakika tatu hivi. Nyimbo zilizozoea kuchezewa barazani hadi usiku mkuu, watu wakiongeza beti na kutuza, zikalazimika kumalizika kabla sindano haijafika mwisho. Nilizisikia nyimbo hizo katika kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Mikwaruzo ilikuwa mingi, udi na fidla vikisikika kwa mbali, lakini matamshi ya Siti yalipenya yote. Kila neno lilifika zima.

Ujanani mwangu, taarabu iliyohesabiwa kuwa ya heshima ilikuwa ya vikundi vikubwa: Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905, na Culture Musical Club. Fidla zimejipanga safu, kanuni katikati, wapigaji wameketi wima na mwimbaji hajongei. Mimi niliipenda mno taarabu hiyo, na bado naipenda. Ila Kijiti haukukaa vizuri humo. Ulilainika. Mtu angeweza kuusikiliza huku anakunywa kahawa asijue kwamba mtu ameuawa.

Halafu nikamsikia Bi Kidude. Yeye alijifunza nyimbo za Siti angali msichana, kwa kumsikiliza Siti mwenyewe, na watu wangetarajia aziimbe kwa kumwiga. Hakufanya hivyo. Sauti yake ilikuwa nzito, imekwaruzika kwa tumbaku na umri, na mkono wake ulizoea ngoma za unyago kabla ya kuzoea fidla. Usiku niliomsikia, Kijiti ulitoka na msondo ndani yake. Alichelewa kuingia, fidla zikamsubiri. Alipofika kwenye hukumu akapaza sauti mpaka ikapasuka, naye hakujali kuishona. Waliokuwa karibu yangu walinyanyuka kwenda kumtuza, wanawake watu wazima, wanalia. Nikamkumbuka bibi na ungo wake. Santuri haikuwahi kunikumbusha jambo hilo hata kidogo.

Tangu usiku ule nimekuwa mtu wa kutafuta marudio, hasa yale yanayowaudhi wazee. Vijana wa kikundi cha Offside Trick walipomchukua Bi Kidude wakaimba naye wimbo wa Ahmada juu ya mapigo ya kompyuta, pale mtaani palikuwa na wazee waliosema amedhalilishwa. Ndani ya daladala mambo yalikuwa mengine: watoto wa shule waliitikia kila neno, na bibi wa zaidi ya miaka tisini alikuwa msanii wao. Sikuona udhalili wowote pale. Mwanamke huyu alitembea peku, alivuta sigara mbele za watu, aliimba bila kujifunika uso, na alikwenda hadi Ulaya kupokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Kumlinda na ngoma ya kompyuta ni kutomjua.

Alipofariki Aprili 2013, nilihofia nyimbo za Siti zitarudi kabatini, zitolewe siku za maadhimisho tu. Mwaka 2020 ikatoka albamu ya Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, ikiitwa Siti of Unguja. Udi na fidla vimo, lakini chini yake pana besi nene na mwangwi wa studio, na mahali pengine ala zote hunyamaza akabaki yeye peke yake. Mara ya kwanza niliisikiliza nikiwa nimesimama jikoni, chungu kikaungua. Sauti yake haina mkwaruzo wa Bi Kidude. Ni safi, tena ina subira, na husogea polepole kama mtu anayetoa ushahidi. Ukimya unaoachwa baina ya beti za Kijiti unanipa nafasi ya kumfikiria yule mgeni wa Dar es Salaam, ambaye kila mara husimuliwa kwa haraka ili tufike kwa Kijiti na hakimu.

Binti yangu ameihifadhi albamu hiyo kwenye simu, na ndiyo anayoipenda kuliko zote. Tunabishana. Yeye anasema Bi Kidude ana makelele. Mimi nikilazimishwa kuchagua, namchagua Bi Kidude bila kusita, kwa kuwa wanawake waliofungwa kwa kosa la Kijiti walistahili mtu wa kuwapigia kelele.