Nilipomuuguza Mavyaa Wangu Ifakara

Dada zangu, na hasa nyinyi maharusi watarajiwa mnaoniuliza kila siku sufuria gani za kununua na hina ipi inakoza. Leo sina sufuria wala hina. Nataka kuwasimulia mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, ambao sehemu kubwa niliumaliza na beseni la maji mkononi.

Mimi mtoto wa Unguja, nimeolewa Ifakara. Ukitoka Dar unapita Morogoro, Mikumi na Kidatu, halafu milima ya Udzungwa inakuandama mkono wa kulia mpaka unaingia kwenye bonde la Kilombero, mpunga kila upande. Kabla sijatoka kwetu, somo wangu aliniusia neno moja kuliko yote: mavyaa asinyanyue hata kikombe mbele yako. Nikaenda nalo.

Miezi miwili baada ya harusi, mavyaa alikuwa ng'ambo ya mto, Lupiro, kwa dada yake, wakati wa mavuno. Asubuhi moja kikombe cha chai kilimponyoka. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa hayaeleweki. Wenyeji wakasema ni upepo mbaya. Wakamkanda mafuta, wakamsomea, wakamnywesha kombe akapaliwa. Sisi tulipigiwa simu baada ya alasiri.

Kisomo mimi sikipingi, nimekulia ndani yake. Lakini kisomo kinasomeka hata ndani ya gari. Saa zile tulizozipoteza bado zinaniuma, kwa sababu uso kupinda, mkono kulegea na ulimi kuwa mzito kwa ghafla ni alama za kiharusi, na kila dakika inayopita inaondoka na sehemu ya ubongo. Tulimvusha usiku darajani. Mume wangu aliniambia kwamba kabla ya daraja lile kufunguliwa mwaka 2018 watu walivuka kwa kivuko. Sikutaka kufikiria ingekuwaje.

Alilazwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, presha ikiwa juu sana. Huko nilijifunza jambo ambalo wengi hatulijui: kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Usikimbilie kumpa mgonjwa aspirini nyumbani. Kama damu inavuja, utaizidisha.

Tukarudi nyumbani na mama asiyeweza kujigeuza. Kila baada ya saa mbili namgeuza, mchana na usiku, asipate vidonda. Chakula namkalisha wima kwanza, na uji uwe mzito, maana maji matupu yanampalia. Mkono uliolegea hauvutwi, bega litateguka. Namkosha, namsafisha, nafua. Hina ya harusi ilikuwa bado iko kwenye kucha zangu. Nilipokuwa namstanji alikuwa anafumba macho, nami nafumba yangu nusu, tukimaliza hatutazamani kwa muda. Hilo hakuna somo aliyenifunza.

Chakula kilikuwa mtihani mwingine. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na wa kushoto hataki kulia chakula, anaona aibu hata mbele yangu. Kwa hiyo nikamlisha mimi. Nikamvalisha mimi, nikamchana mimi. Majirani wakanisifu mpaka nikaanza kujiona. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia, mkono uko vilevile.

Siku ya kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniuliza, "Nani anamlisha?" Nikajibu kwa fahari, mimi. "Nani anamfunga kanga?" Mimi. "Sasa mkono wake una kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba ubongo ulioumia unaweza kutafuta njia mpya, lakini unazipata kwa kurudiarudia: kushika, kuachia, kushika tena, mara nyingi mno. Mkono usiopewa kazi unasahaulika. Nilitoka pale najihisi mwizi. Jioni nikampigia somo wangu Unguja, nikalia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwache anyanyue."

Kumwacha kulikuwa kugumu kuliko kumhudumia. Nakaa pembeni namtazama anahangaika na kifungo robo saa. Kijiko kinadondoka, namuokotea, namrudishia mkono uleule. Alinikasirikia mpaka machozi yakamtoka. Wifi yangu alipita akanikuta nimekaa, mama yake anajimwagia uji, akaondoka bila kuaga. Kesho yake nikasikia kwamba huyu wa kisiwani kachoka mapema. Mume wangu ndiye aliyekwenda kuwaeleza, na nyinyi maharusi, hapo ndipo nilipomjua nimeolewa na nani.

Swala alikuwa ameiacha. Mkojo ulikuwa unamtoka bila habari, akajiona hana twahara. Shekhe wa mtaani akaja akamwambia taratibu kwamba mwenye udhuru anajisafisha, anatawadha wakati ukiingia na kuswali mara moja, na asiyeweza kusimama anaswali amekaa, au amelala. Alilia sana siku hiyo. Na mimi nikagundua kitu: tulikuwa tunazungumza juu yake mbele yake, kwa kuwa hasemi, kumbe anaelewa kila neno. Dawa za presha tukamwekea mezani azichukue mwenyewe, mimi nahesabu kwa macho tu.

Kilichomrudisha hasa ni ungo. Wifi alileta mchele mpya wa shamba, bado una mawe. Mama akauvuta ungo mapajani, akaanza kuchagua kwa mkono wa kulia. Punje moja, anaikosa. Jiwe moja, linamponyoka. Nilitaka kumpokea, mazoea, akanipiga kofi la mkono. Kwa mkono uleule wa kulia. Kofi jepesi kama la mtoto, lakini wifi aliliona pia, na tukatazamana.

Alichukua kutoka alasiri mpaka karibu na magharibi kwa mchele wa watu wanne. Usiku wali ule ulikuwa na mawe. Tuliutafuna wote, hakuna aliyetema mbele yake.