Mama wa Dawati la Nyuma

Mwaka 2009, nikiwa bado mwanafunzi wa ualimu, nilitoka Kenya kwenda Rwanda kufanya mazoezi ya kufundisha Kiingereza. Mwaka uliotangulia serikali ya huko ilikuwa imeamua kwamba shule ziache kufundisha kwa Kifaransa na zitumie Kiingereza. Mwanangu wa miaka miwili nilimwachia mama mkwe.

Siku ya kwanza wanafunzi walisoma “lice” badala ya “rice”. Wali ukageuka chawa! Nilicheka, na darasa zima likacheka. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mwalimu mwenzangu, mama wa makamo, aliyeketi dawati la nyuma pamoja na watoto ili naye ajifunze.

Jioni alinijia, akaniambia kwa Kiswahili cha polepole: “Mwanangu, lugha yetu haitenganishi sauti hizo mbili. Ukiwacheka watoto, unanicheka na mimi. Nimefundisha kwa Kifaransa miaka mingi. Nisipokijua Kiingereza, wanangu watakula nini?”

Niliona haya, nikamwomba radhi. Tangu hapo, kila jioni tuliketi jikoni kwake tukimenya viazi. Mimi nilimfundisha Kiingereza, yeye akanifundisha Kinyarwanda. Ulimi wangu ulipokwama alinisubiri, wala hakunicheka hata mara moja.

Mama msomaji, mwanangu alipoanza kusoma kwa kusitasita, nilimkumbuka mama yule. Nilinyamaza, nikasubiri. Mtoto anayechekwa hufunga kinywa, na aliyefunga kinywa hajifunzi.