Mistari ya chaki mlangoni pa mama

Juma hili siandiki juu ya masomo ya watoto. Naandika juu ya mama yangu mzazi, na juu ya kosa langu.

Mama ana ugonjwa wa Parkinson. Ulianza kwa mkono wa kuume kutetemeka hata akiwa amekaa tu. Kisha mwendo ukawa mzito, sauti ikapunguka, uso ukakosa kicheko. Katika mtaa wengine walisema amelogwa, wengine eti anakunywa pombe kwa siri. Munganga alitueleza kwamba ndani ya ubongo kuna kitu kinachoitwa dopamini, kinachosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na kwa mama kimepunguka. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi. Anakunywa vidonge kila siku kwa saa zake.

Lakini vidonge havikumaliza yote. Akifika mlangoni, miguu ilikuwa inaganda kama imepigiliwa misumari. Siku moja ya Mungu, tukiwa tumechelewa ibada, nilimshika mkono nikamvuta: “Mama, twende upesi!” Mwili ulikuja, miguu ikabaki. Alianguka mbele ya wajukuu, akaumia kiwiko. Tangu siku ile akakataa kutoka. Aliniambia: “Mwanangu, uniache hapa. Nimekuwa mzigo.”

Kile kiwiko ndicho kilitupeleka kwa kine, yule wa lopitali anayefundisha wagonjwa kutumia viungo vyao. Aliniuliza kazi yangu. Nikajibu: mwalimu wa mwaka wa kwanza. Akacheka: “Basi, chombo unacho tayari.” Ilikuwa chaki.

Tulichora mistari ya kukata njia, kutoka kitandani mpaka mlangoni, kati ya mmoja na mwingine hatua moja. Mama aliangalia mstari, akainua mguu, akauvuka. Kine alieleza kwamba Parkinson inaharibu ule mwendo unaokuja wenyewe bila kufikiri. Lakini mtu akipewa kitu cha kuangalia au cha kusikia, mara nyingi anaweza kupiga hatua tena. Mistari, makofi, kuhesabu: ndivyo ninavyofundisha watoto kila siku, na sikuwahi kuwaza kwamba vingemfaa mama.

Sasa tunafanya hivi. Miguu ikiganda, hakuna anayemvuta. Anasimama, anapumua, tunahesabu pamoja “moja, mbili, tatu,” naye anaanza. Akitaka kugeuka, anazunguka kwa hatua nyingi ndogo, hajipindi mahali pamoja. Akitembea, hatumsemeshi wala hatumpi chombo cha kubeba. Asubuhi anasema “aaa” kwa nguvu, kisha anaita wajukuu mpaka walio nje waitike. Herufi zake zilikuwa zimekuwa ndogo kama sisimizi. Nilimpa kaye yenye mistari mipana, anaandika majina kwa herufi kubwa.

Na kazi tumemrudishia. Zamani nilimnyang’anya sombe na maharagwe nikidhani ni heshima. Kumbe nilikuwa ninamlaza. Leo anachambua maharagwe mwenyewe, hata kama yanachukua saa nzima, na chakula kinamngoja.

Hajapona, na ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa. Kuna siku ambazo mistari haisaidii kitu. Chaki inafutika, na kila asubuhi mjukuu mmoja anaichora upya.

Mama mwenye mzee wa namna hii nyumbani, usimwachishe vidonge. Umwulize munganga mazoezi gani yanamfaa, na anapokula akae wima, ale polepole. Akipaliwa mara kwa mara, umwambie munganga. Zaidi ya yote, usimvute.

Siku ya Mungu iliyopita tulifika ibada ikiwa nusu imepita. Mama aliingia kwa miguu yake, akihesabu kwa sauti. Watu waligeuka kutuangalia. Tukaketi.