Tunduma, mji wa 'bado'

Msomaji wangu, wiki hii nilitimba Tunduma, mkoani Songwe, kudai deni. Mshkaji wangu niliyesoma naye sekondari aliniomba laki moja na nusu akaanze biashara ya vitenge mpakani. Hela yenyewe ilikuwa ya mbolea ya mama. Nikampa, halafu kimya!

Tunduma si mchezo, bwana. Malori yamejipanga yakingoja kuingia Zambia, na kabla hujashuka vizuri kwenye basi wabadilisha kwacha wameshakuzunguka.

Jamaa nikamkuta Sogea, kanyoa safi, raba mpya. "Vipi mzigo wangu?" Akacheka: "Bado, mwanangu. Jioni."

Nikatulia. Si unajua "bado" yetu? Ni hapana iliyovaa suti. Inakataa ya leo, ya kesho inaiachia mlango wazi. Ndiyo maana kijana ukiulizwa kama umeoa, unajibu "bado", hata kama huna mpango wala mchumba. Ukisema "hapana", wazee wanashtuka.

Kungoja jioni, nikavuka hadi Nakonde kuangalia bei. Nikamwomba dada mmoja wa duka anipunguzie shati. Akajibu, "Awe!" Nami nimesimama nasubiri amalizie: awe nini? Kumbe ndiyo hapana ya Kibemba, imeisha hiyo! Wenzetu hawazunguki.

Nikakumbuka kijitabu cha Kihispania nilichowahi kukipitia. Kule wanakataa mara mbili katika sentensi moja: "no tengo nada", yaani "sina chochote". Ukitafsiri neno kwa neno inakuwa "sina hakuna", lakini maana haigeuki kuwa ndiyo. Hata neno lao "nunca", yaani kamwe, likikaa nyuma ya kitenzi, "no" lazima itangulie mbele. Sisi ukanushaji tunauingiza kwenye kitenzi chenyewe: nina, sina, atalipa, hatalipa. Na "kamwe" yetu haisimami peke yake, lazima "hatalipa" iwepo: hatalipa kamwe.

Jioni jamaa akawa "bado kidogo". Asubuhi, "sijapata". Mchana simu haipokelewi. Mama lishe niliyekuwa nakula kwake akanionea huruma. "Mwanangu, wewe ni wa ngapi kuja kumwulizia huyo? Ya kwanza ilikuwa bado. Ya pili sijapata. Ya tatu hutamwona. Panda gari urudi."

Nikapanda. Njia nzima hadi Vwawa nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema ukweli: mama, hatalipa. Maneno mawili tu.

Mama alikuwa anapepeta maharage uani. Hakuniamkua wala hakuniuliza za safari. "Amekulipa?"

Ikanikaba kooni. "Bado, mama."

Akaendelea kupepeta. Baadaye akasema, "Hata mvua bado. Ila zenyewe zinakuja."

Sikuwa na la kujibu. Keshokutwa nauza redio yangu. Anayeitaka anione mapema, na asiniambie bado!