Maua ya Dirishani kwa Shangazi

Nyumba anayoishi shangazi yangu jijini Kampala haina bustani. Ina baraza nyembamba ya saruji, halafu lango, halafu barabara ya vumbi. Tangu mguu wake wa kulia uanze kumsumbua, hata baraza imekuwa mbali. Kwa hiyo maua yake yako ndani, yamepangwa dirishani sebuleni na juu ya kabati la vyombo, katika makopo ya rangi, sufuria iliyotoboka na vyungu vitatu vya kununuliwa. Kuyahudumia ni kazi yangu.

Ninaishi naye tangu nilipojiunga na chuo. Yeye ndiye anayenilipia karo, na yeye ndiye asiyependa ninachosoma. Nilipomwambia kuwa nimechagua Kiswahili, alinyamaza, kisha akasema kwa Kiganda kwamba lugha hiyo aliijulia kwenye vizuizi vya barabarani. Alikuwa msichana mdogo wakati wa Idi Amin. Kwa watu wengi wa rika lake hapa Uganda, Kiswahili ni sauti ya mwanajeshi anayekuamuru ushuke garini. Sikubishana naye. Ningemjibu nini, kwamba ngeli zake zinavutia?

Tukawa tunazungumza kuhusu maua.

Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na maua anayatunza kama wodi. Mengi ni ya aina moja: mmea mfupi wenye majani manene yenye vinyweleo kama mahameli, na maua ya zambarau yenye kitovu cha njano. Wazungu huliita urujuani wa Afrika, ingawa si jamii ya urujuani hata kidogo. Ni mmea wa madaha. Ukimwagia maji baridi juu ya majani, yanapata madoa yasiyofutika. Ukiuacha umesimama majini, unaoza katikati, mahali majani yanapochipukia, na hapo umekwisha. Shangazi hunituma niweke maji kwenye kisahani chini ya kopo, maji yaliyolala ndani ya nyumba usiku kucha, na baada ya nusu saa nimwage yaliyobaki. Kabla ya hapo lazima nichovye kidole udongoni. Ukiwa bado na unyevu, hakuna maji leo, hata kama mmea unaonekana kukulilia. Wadudu weupe kama pamba wakitokea, anawapangusa mwenyewe kwa spiriti na pamba, miwani ikiwa puani, na hataki kusemeshwa.

Suala la mwanga lilitusumbua zaidi. Vitabu vya maua nilivyoviona maktabani vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao dirisha lao la kaskazini halipati jua kali. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa sita jua linachungulia kutoka upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili kutoka kusini. Kwa hiyo makopo yetu yanahama mara mbili kwa mwaka kama wafugaji, na siku za jua kali tunashusha pazia jepesi.

Katika kusoma huko ndipo nilipokuta kwao halisi pa ua hili: milima ya Usambara, Tanzania, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu msituni. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa huko, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akalipa jina Saintpaulia. Hivyo ndivyo mtawala alivyobaki kwenye ua alilolikuta tayari limechanua. Leo limo madirishani dunia nzima, na huko msituni aina zake kadhaa ziko hatarini kwa sababu miti inayozipa kivuli inakatwa.

“Ssenga,” nikamwambia jioni ile, “ua lako ni la Tanzania.”

Akaliangalia kopo. “Nalo lilikuja na wanajeshi?”

Alikuwa na maana ya mwaka 1979, jeshi la Tanzania lilipoingia Kampala. Nikamweleza kuwa hapana, lilipitia Ulaya kwanza, likazalishwa huko rangi nyingi, ndipo likafika kwenye kitalu cha kando ya barabara alikolinunulia. Akacheka mpaka akashika goti. Kisha akauliza huko Usambara watu husema lugha gani. Nikamjibu kuwa wana Kisambaa chao, na Kiswahili. Akasema, “Mm.”

Mwezi uliopita alinifundisha kuyazalisha. Unakata jani zima lenye afya pamoja na kikonyo chake, unakichomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu, unafunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, unangoja. Huchukua miezi miwili, wakati mwingine zaidi, kabla vichipukizi havijatokea chini ya jani. Tumepanda sita. Kila kopo amelibandika plasta ya hospitali yenye tarehe, kwa mwandiko wake wa muuguzi.

Karo ya muhula ujao inatakiwa kabla ya majani hayo kuchipua. Ameniambia atalipa muhula mmoja, mwingine tutaona. Asubuhi, ninapoyakagua makopo, huwa nayaamkia maua kwa Kiswahili, kwa sauti. Zamani alikuwa akiniambia ninyamaze. Juzi aliniuliza kutoka jikoni nimeyaambia nini.

“Nimeyauliza yameamkaje.”

“Na yamesemaje?”

“Salama.”

Akalirudia neno hilo taratibu, akakosea mkazo, akarudi kwenye chai yake.